Grace Hopper, nondo ndani ya kompyuta, na daftari la makosa

Mwezi uliopita tulifanya kosa hewani, na wengi wenu mlilisikia. Katika kipindi cha asubuhi tulisoma bei za mazao gulioni, tena kwa sauti ya uhakika kabisa, kumbe zilikuwa bei za wiki mbili nyuma. Kwenye kompyuta ya studio kulikuwa na mafaili mawili yenye majina yanayofanana, tukafungua lisilo lenyewe. Hakuna kati yetu aliyetazama tarehe iliyo juu ya ukurasa.

Kabla ya saa sita mchana simu zikaanza. Wa kwanza alicheka, wa pili alifoka. Kesho yake akapiga mama mmoja aliyekuwa ameuza magunia yake mawili ya maharage kwa mnunuzi aliyepita nyumbani kwake, kwa bei tuliyoisoma sisi. Jirani yake alipeleka ya kwake gulioni siku ileile, akapata zaidi. Mama yule hakututukana. Aliuliza jambo moja tu: kosa lile tumeliandika wapi, ili lisirudi tena?

Tulikosa jibu, kwa sababu hatukuwa tumeliandika popote. Tulikuwa tumefuta faili la zamani, tukaomba radhi kwa haraka kabla ya muziki, basi. Tuliona aibu, na mwenye aibu hupenda mambo yaishe kimyakimya.

Tangu siku hiyo tumekuwa tukimfikiria mwanamke mmoja wa Marekani aliyefariki zamani, ambaye sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi aliipitisha katikati ya makosa ya kompyuta: ya kwake, ya wenzake, na ya mashine yenyewe. Jina lake ni Grace Hopper. Leo tunawasimulia habari zake.

Mtoto aliyefungua saa saba

Grace Brewster Murray alizaliwa jijini New York tarehe 9 Desemba 1906, mtoto wa kwanza kati ya watatu. Baba yake alifanya kazi ya bima. Mama yake alipenda sana hesabu, ila enzi zile msichana hakutarajiwa kwenda nazo mbali.

Alipokuwa na umri wa miaka 7, Grace alitaka kujua saa ya kengele inafanyaje kazi. Akaichukua moja nyumbani, akaifungua. Vyuma vikarukia huku na huku, akashindwa kuvirudisha. Akaenda chumba cha pili akachukua saa nyingine ili atazame ilivyopangwa, nayo ikamshinda. Mama yake alipokuja kugutuka, saa saba za nyumba nzima zilikuwa vipande vipande. Hakumchapa. Alimruhusu aendelee na uchunguzi wake, lakini kwa saa moja tu.

Baba yake aliugua hadi akakatwa miguu yote miwili. Pamoja na hali hiyo, aliendelea kufanya kazi, na alishikilia kwamba mabinti zake wasome kama mtoto wa kiume, wajitegemee hata yeye asipokuwepo.

Grace alipojaribu kuingia Chuo cha Vassar akiwa na miaka 16, alifeli Kilatini. Akangoja mwaka mmoja, akarudia, akapita. Alimaliza mwaka 1928 katika hesabu na fizikia, akaenda Chuo Kikuu cha Yale, na mwaka 1934 akapata shahada ya udaktari wa hesabu. Wanawake wenye shahada hiyo walikuwa wachache sana. Wakati huo alikwisha olewa na Vincent Hopper, na jina hilo akabaki nalo hata baada ya ndoa kuvunjika mwaka 1945.

Alikuwa mwalimu wa hesabu huko Vassar, na huenda angebaki mwalimu hadi uzee. Ila Desemba 1941 Marekani iliingia katika Vita vya Pili vya Dunia.

Kilo zilipungua, akaingia hivyohivyo

Bi Hopper alitaka kujiunga na Jeshi la Wanamaji. Alikuwa na umri uliopita kiwango, na uzito wake ulikuwa pungufu kwa kilo 7 hivi. Aliomba ruhusa maalumu, akaipata, na Desemba 1943 akaapishwa katika kikosi cha akiba. Kwenye mafunzo ya uofisa alimaliza akiwa wa kwanza katika darasa lake.

Julai 1944 alipelekwa Chuo Kikuu cha Harvard, penye mashine iliyoitwa Mark I. Usifikirie kompyuta ya mezani. Mashine hiyo ilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 15 na kimo cha mita 2 na nusu hivi, ndani yake mna mihimili inayozunguka, magurudumu na swichi zinazolia kama cherehani nyingi kwa pamoja. Ilifanya majumlisho matatu kwa sekunde. Leo hata kikokotoo cha dukani kinaishinda, lakini wakati ule ilikuwa ajabu.

Mkuu wa kazi pale, Howard Aiken, hakumpa hata karibu. Alimuuliza alikuwa wapi muda wote huo, akamwonyesha ile mashine, akampa hesabu ya kufanya na siku chache za kuimaliza. Bi Hopper alikuwa hajawahi kuona kitu kama kile. Vijana wawili aliowakuta walimfundisha, na yeye akajifunza usiku na mchana.

Kazi zilikuwa za vita. Mabaharia walihitaji majedwali ya mizinga: bomba la mzinga liinuliwe kiasi gani ili risasi ifike umbali fulani. Tarakimu moja ikikosewa kwenye jedwali, risasi huangukia penginepo. Hapo kosa la data si jambo la kuchekwa ofisini. Ni uhai wa watu.

Mashine ililishwa maagizo kwa utepe wa karatasi uliotobolewa matundu. Kila tundu lilikuwa na maana yake. Tundu moja likitobolewa mahali pasipo pake, Mark I haikuuliza wala haikushtuka. Iliendelea kuhesabu kwa utii, ikatoa jibu lililonyooka vizuri, ambalo ni la uongo.

Hilo ndilo jambo ambalo kila anayeingiza namba kwenye kompyuta hana budi kulijua mapema. Karani wa ushirika, mwalimu anayejaza alama, muuguzi wa zahanati, mtangazaji anayesoma bei: mashine haimwonei mtu haya. Ukiandika 900 badala ya 90, itaibeba 900 yako kwa heshima zote.

Siku nondo alipoingia kazini

Sasa tufike kwenye kisa kinachojulikana kuliko vyote. Tarehe 9 Septemba 1947, huko huko Harvard, mashine iliyofuata, Mark II, ilikuwa ikijaribiwa. Ilikuwa na maelfu ya swichi za umeme ambazo kila moja ina kijiti kinachofunga na kufungua njia ya umeme. Siku hiyo ikaanza kutoa majibu yasiyoeleweka.

Wafanyakazi wakakagua swichi moja baada ya nyingine. Saa kumi kasorobo alasiri wakakuta kilichowasumbua: nondo. Hatusemi nondo za ujenzi, tunasema yule mdudu wa usiku afananaye na kipepeo, anayezungukazunguka taa. Alikuwa amebanwa ndani ya swichi, umeme haupiti.

Walichofanya baada ya hapo ndicho kilichowaweka kwenye historia. Hawakumtupa nje. Walimchomoa, wakambandika kwa gundi ya utepe kwenye daftari la kazi, pembeni wakaandika saa, swichi yenyewe, na maelezo ya mzaha kwamba huyu ndiye mdudu halisi wa kwanza kupatikana. Mzaha ulitokana na hili: mafundi wa Marekani walikwisha zoea tangu karne ya 19, enzi za Thomas Edison, kuita hitilafu ya mashine mdudu. Safari hii mdudu alikuwa mdudu kweli.

Watu wengi husimulia kwamba Bi Hopper ndiye aliyemkamata nondo yule, au kwamba ndiye aliyebuni neno hilo. Sivyo. Waliomkuta ni wenzake wa zamu, na neno lilikuwa la zamani. Yeye alikuwa msimuliaji. Kwa miaka mingi alikisimulia kisa hicho katika hotuba zake, mpaka kikajulikana dunia nzima. Daftari lenyewe limehifadhiwa hadi leo katika jumba la makumbusho la historia ya Marekani jijini Washington, na nondo bado amebandikwa.

Tumefikiria sana habari ya daftari lile. Mashine ya jeshi, ya gharama kubwa, imesimamishwa na mdudu. Mtu mwingine angeona aibu, angefagia na kunyamaza. Wao waliandika saa, mahali na sababu, mtu yeyote asome.

Mtaalamu wa hesabu asiyeweza kusawazisha daftari la benki

Mwaka 1949 Bi Hopper aliacha kazi ya Harvard akajiunga na kampuni changa ya kutengeneza kompyuta mjini Philadelphia. Hapo alikutana na kosa la kwake mwenyewe, nalo alilisimulia bila kuficha.

Kompyuta moja ya kampuni hiyo ilihesabu kwa nane. Sisi tunahesabu kwa kumi kwa sababu ya vidole: baada ya 9 inakuja 10. Katika kuhesabu kwa nane hakuna tarakimu 8 wala 9. Baada ya 7 moja kwa moja inakuja 10. Bi Hopper alijizoeza kujumlisha na kutoa kwa njia hiyo mpaka ikaingia damuni.

Ndipo hesabu zake za benki zikaanza kukataa kulingana. Mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu, kila akitoa fedha alizotumia, salio lake na salio la benki haviafikiani. Huyu ni daktari wa hesabu! Mwishowe alimwomba msaada mdogo wake wa kiume, aliyekuwa mtu wa mambo ya benki. Mdogo mtu akakaa na lile daftari jioni kadhaa, akagundua: mara kwa mara dada yake alikuwa anatoa kwa nane badala ya kumi.

Jaribu mwenyewe. Una magunia 15, umeuza 7. Kwa hesabu ya kawaida yamebaki 8. Kwa hesabu ya nane, ukikopa hukopi kumi, unakopa nane: 5 na 8 ni 13, ukitoa 7 inabaki 6. Magunia mawili yamepotea kwenye karatasi, na ghalani hayajaguswa.

Hakuwa mvivu wala mjinga. Akili iliyozoea kazi moja ilirukia nyingine bila kubisha hodi. Na tazama aliyeligundua: mtu wa pili, mwenye macho ambayo hayajachoka na namba zile.

Kupunguza mikono inayonakili

Katika kazi Bi Hopper aliona jambo lililomsumbua. Yeye na wenzake waliweka madaftari yenye vipande vya maagizo vilivyokwisha thibitishwa kuwa sahihi. Aliyetaka kukitumia kipande alikinakili kwa mkono kutoka daftari la mwenzake. Na hapo ndipo makosa yalipozaliana. Watu walikosea kujumlisha. Walikosea kunakili. Alama ya pembetatu iligeuka kuwa 4, herufi B ikasomeka 13. Kipande kilichokuwa sahihi kwenye daftari kilifika kwenye mashine kimeharibika.

Angeweza kuwagombeza watu waongeze umakini. Wakubwa wengi hufanya hivyo, nasi tulifanya hivyo studio siku ile ya bei. Yeye aliuliza swali jingine: kwa nini mtu anakili wakati mashine yenyewe hainakili vibaya? Mwaka 1952 akakamilisha programu iliyovihifadhi vipande vile ndani ya kompyuta, kila kimoja na namba yake ya kukiitia. Mtu anataja namba, kompyuta inavichukua na kuviunganisha yenyewe. Programu ya namna hiyo huitwa kompaila, na hiyo yake ilikuwa miongoni mwa za kwanza kabisa duniani.

Wengi hawakumwamini. Aliambiwa kompyuta ni ya hesabu tu, haiwezi kuandika programu. Aliendelea. Kisha akaenda mbali zaidi: akataka wafanyakazi wa ofisini waandike maagizo kwa maneno ya kawaida badala ya alama za wataalamu. Kuonyesha kwamba inawezekana, alitengeneza mfano uliopokea maneno ya Kiingereza, halafu ya Kifaransa, halafu ya Kijerumani. Wakubwa wakashtuka: kompyuta iliyotengenezwa Marekani itaelewaje Kifaransa? Hawakuona kwamba kwa mashine yote ni alama tu. Hata Kiswahili ingepokea vilevile.

Kutokana na kazi hiyo, mwaka 1959 wataalamu wa serikali na makampuni walikutana na kuanza kuunda lugha ya kompyuta iitwayo COBOL. Bi Hopper hakuiandika peke yake, lakini kwa sehemu kubwa ilijengwa juu ya kazi yake. Hadi leo baadhi ya mabenki makubwa duniani bado yanaitumia kila siku.

Kosa lililongoja mpaka mwaka 2000

Hapa lazima tuseme na upande wa pili. Zama hizo nafasi ya kuhifadhi data ilikuwa ghali mno. Ili kubana matumizi, waandishi wa programu walizoea kuandika mwaka kwa tarakimu mbili: 1965 ikawa 65. Programu nyingi za COBOL ziliandikwa hivyo. Ilionekana ni akili, na kwa miaka mingi haikumdhuru mtu.

Kadiri mwaka 2000 ulivyokaribia, watu wakaanza kujiuliza: kompyuta ikiona 00, itajua ni 2000 au itadhani ni 1900? Mtoto aliyezaliwa mwaka huo angehesabiwa kuwa mzee wa miaka 100. Duniani kote wafanyakazi walirudi kwenye programu za zamani, mstari kwa mstari, kurekebisha. Wengi wenu mnakumbuka uvumi uliovuma kwamba usiku ule umeme utazimika na ndege zitaanguka. Hayo hayakutokea, na sababu mojawapo ni kwamba watu walikubali mapema kuwa kosa lipo, wakalifanyia kazi.

Bi Hopper alikuwa amesema anatamani kuishi mpaka usiku huo wa kuamkia mwaka 2000. Hakuufikia.

Uzee wake na mwisho wake

Jeshi lilimstaafisha mwaka 1966. Miezi michache baadaye, mwaka 1967, likamwita tena, maana programu zake zilikuwa zimetengenezwa kila mtu kivyake, na alihitajika mtu wa kuzipanga na kuzipima. Alibaki karibu miaka 20 zaidi. Alipanda hadi cheo cha admirali, na alipostaafu kabisa mwaka 1986 alikuwa na miaka 79, ofisa mzee kuliko wote waliokuwa kazini jeshini humo.

Wanafunzi walimpenda. Ukutani kwake alitundika saa inayozunguka kinyume, kuwakumbusha watu kwamba desturi si sheria. Alipofundisha alitembea na vipande vya waya vya urefu wa sentimita 30 hivi, akawagawia wasikilizaji: huo ndio umbali wa juu kabisa ambao umeme unaweza kusafiri katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Jambo lisiloonekana akaliweka mkononi mwa mtu.

Alifariki tarehe 1 Januari 1992 huko Arlington, Virginia, akiwa na miaka 85, akazikwa kwa heshima za kijeshi. Meli ya kivita ya Marekani ilipewa jina lake, na mwaka 2016 serikali ya nchi hiyo ikamtunuku nishani yake ya juu kabisa ya kiraia.

Na sisi?

Tumenunua daftari la jalada gumu. Limefungwa kwa kamba kwenye meza ya studio ili lisihame. Kila kosa la data linaandikwa humo: siku, saa, lilivyotokea, aliyeligundua. Jina la aliyekosea haliandikwi, kwa sababu tunachokisaka ni njia aliyopitia nondo kuingia. Faili la bei sasa ni moja tu, na kabla ya kwenda hewani mtu wa pili anasoma tarehe kwa sauti. Tukikosea, tutasahihisha saa ileile ya kipindi kilekile, siyo usiku wakati mmelala.

Ukurasa wa kwanza una bei za maharage za asubuhi ile. Mama uliyetupigia, kama unasoma hapa kwenye simu yako: fedha yako hatuwezi kuirudisha kwa wino, na hilo tunalijua. Lakini swali lako limepata jibu. Tumeliandika.